Michembe, Matobolwa na Plamu Kavu: Maswali Yenu ya Jikoni

Viazi vimeshachimbwa, jua la kiangazi linawaka, na hapa Tabora maswali ninayopata mengi ni ya vitu vikavu. La kwanza nitakaa nalo zaidi.

Mama, shikamoo. Mama mkwe ameniletea kiroba cha viazi vikavu kutoka Nzega. Mimi ni mtu wa Tanga, sikujua kama vipo vya aina mbili. Nilivichemsha vyote pamoja, vingine vikarojeka, vingine vikabaki vigumu. Nifanyeje? (Mke wa mtu, Ipuli)

Marahaba mwanangu. Kwanza tenganisha. Michembe ni viazi vitamu vilivyoachwa vinyauke siku chache, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa vikiwa vibichi. Ni myeupe, na ukiisugua inaacha unga kwenye vidole. Matobolwa yalichemshwa kwanza, ndipo yakamenywa, yakakatwa na kuanikwa. Yamekolea rangi, yanang'aa kidogo na ni magumu kama pembe. Ugumu huo usikudanganye, maana hayo ndiyo yaliyokwisha kuiva. Ndiyo maana sufuria moja haiwatoshi wote wawili.

Michembe ioshe mara mbili tatu, ukiisugua kwa mkono, kwa sababu imeanikwa nje na vumbi limeingia. Iweke sufuriani, maji yapite juu yake vidole viwili, na chumvi kidogo. Moto wa wastani, nusu saa hadi dakika 45. Maji yakikaribia kukauka, mimina karanga zilizotwangwa zikalainika, koroga taratibu kutoka chini, funika, punguza makaa. Karanga zikianza kutoa mafuta juu, epua. Kwa maziwa ya mgando, huo ni mlo kamili.

Matobolwa yaoshe haraka, kisha yaloweke kwa maji ya moto saa moja, au yalale humo usiku kucha. Asubuhi yachemshe dakika 10 hadi 15 katika maji hayohayo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga maji ya kulowekea. Maji ya kuoshea ndiyo ya kumwaga, yana uchafu. Ya kulowekea yamebeba utamu wa kiazi chenyewe, na ukiyamwaga utabaki na makapi halafu utafute sukari. Na kama una haraka, matobolwa hutafunwa hivyohivyo makavu kwa chai ya moto.

Jambo moja naliomba kwako. Usikubali mtu akuambie hicho ni chakula cha njaa. Kiroba kimoja ni siku nyingi za kuchimba, kumenya, kukata, kuanika asubuhi na kuanua jioni. Mama mkwe wako amekuletea kazi ya mikono yake. Mpikie naye ale akija.

Michembe yangu imeanza kutoa unga chini ya gunia na ina matundu madogo. Bado inafaa? (Urambo)

Huyo huenda ni mdudu dumuzi, yule mliyemwita Skania. Anakujua nyumbani kwenu: hapa nchini alianza kusumbua huku kwetu Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mbali na mahindi anapenda sana makopa ya muhogo na vitu vikavu vya namna hiyo. Mwaga yote kwenye turubai juani, chekecha, chagua vipande vizima, upike hivyo mapema. Msimu ujao anika mpaka kipande kikikunjwa kivunjike kwa mlio, kisiwe cha kupinda. Kiache kipoe kabisa ndipo ufunge kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Ukifunga kikiwa na joto, jasho lake litaleta ukungu.

Na ukiona ukungu, usichague, tupa. Hivyo hivyo kwa karanga zilizosinyaa na kuota kijani. Sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu, haitoki kwa kuchemsha wala kwa kuosha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Hapa sina masihara na mtu.

Habari za Tabora, Mama. Binti yangu ametoka Dar na pakiti ya plamu kavu, nyeusi na zimekunjamana. Anasema zinasaidia choo. Zinaandaliwaje? (Baba wa Kasulu)

Njema, Baba. Plamu mbichi zinalimwa Lushoto na Njombe, ila hizi kavu za pakiti mara nyingi hutoka nje. California huko Marekani ni maarufu kwazo. Zilizokaushwa hupungua sana: karibu kilo tatu za mbichi kwa kilo moja ya kavu.

Zioshe, tazama kama zina kokwa, kisha ziloweke usiku kwa maji yanayozifunika tu. Asubuhi ziweke kwenye moto mdogo dakika 10 hadi 15, na kipande cha mdalasini ukipenda. Sukari usitie. Ule mchuzi mweusi usiumwage, ni sheria ileile ya matobolwa. Mimina juu ya uji wa ulezi.

Binti yako amesema kweli. Zina nyuzinyuzi na aina ya sukari iitwayo sobitoli, ambayo huvuta maji tumboni na kulainisha choo. Basi anza na nne au tano kwa siku, unywe na maji ya kutosha. Ukila bakuli zima tumbo litakukimbiza. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa kuwa zina potasiamu nyingi. Mwenye kisukari naye ahesabu, kwani ni tamu kweli.

Naweza kukausha maembe kama viazi? (Sikonge)

Unaweza, ila maembe yetu huiva mvua zimeshaanza, ndiyo shida. Chagua dodo lililoiva lakini gumu, la nyuzi nyingi acha. Kata vipande vyembamba, pitisha kwenye maji ya limao, tandaza juu ya chandarua safi kilichoinuliwa, funika kwa kingine kuzuia nzi. Wingu likitanda, ingiza ndani. Embe halivunjiki kama michembe: likipinda bila kunata vidoleni, limekauka.

Viazi lishe navyo juani? (Igunga)

Kivulini penye upepo ni bora, kwa sababu jua kali linapunguza ile rangi ya njano ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Na visikae miezi mingi. Vianze hivyo kuliwa, vyeupe visubiri.