Kabla ya Kunukuu Tamko la Nje, Soma Habari za Ndani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kwa nini uchambuzi wake wa sera ya mambo ya nje umerudishwa mara mbili, ilhali amenukuu kila tamko la serikali anayoichambua. Swali hilo lilinitonesha kidonda.

Nami niliwahi kuandika kurasa ishirini kuhusu Argentina na visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland. Nilieleza jinsi Uingereza ilivyovitwaa mwaka 1833, nikapima hoja za kisheria moja baada ya nyingine, kisha nikahitimisha kwamba majenerali walioitawala Argentina walivivamia tarehe 2 Aprili 1982 ili kuondoa dhuluma ya karne moja na nusu. Mwalimu wangu aliandika pembeni, kwa wino mwekundu: "Walioandamana tarehe 30 Machi wamekwenda wapi?" Sikuwa na habari nao. Nilirudi maktaba nimenuna, nikakuta kwamba siku tatu tu kabla ya uvamizi vyama vya wafanyakazi viliingia mitaani Buenos Aires kuupinga utawala huo huo, vikatawanywa kwa nguvu. Visiwa vilipotwaliwa, umati ukafurika uwanja wa Plaza de Mayo kumshangilia Jenerali Galtieri, mkuu wa utawala huo.

Madai ya 1833 yalikuwepo miaka yote. Cha kuuliza ni nani alikuwa na haja nayo wakati ule. Lakini usikimbilie kusema kwamba maandamano ndiyo yaliyozaa vita, kwa kuwa mpango wa uvamizi ulianza miezi kadhaa kabla yake. (Rasimu yangu ya pili ilianguka hapo hapo.)

Tazama pia kinachofichwa wananchi. Oktoba 1962, siku chache kabla ya uchaguzi wa wabunge, Rais Kennedy wa Marekani alikubali kwa siri kuondoa makombora ya nyuklia ya Jupiter ambayo Marekani iliyaweka nchini Uturuki, Wasovieti nao waondoe yao Kuba. Hadharani ikasimuliwa kwamba Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, amesalimu amri. Wasovieti walipoleta barua ya kuthibitisha mapatano hayo, Robert Kennedy, mdogo wake rais, alimrudishia balozi wao Dobrynin, akihofia kwamba siku moja ingevuja na kumharibia yeye mwenyewe kisiasa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kando ya kila tamko andika tarehe ya uchaguzi unaokuja, malalamiko ya wananchi na majina ya wanaokitaka kiti cha aliyelitoa, kisha unitumie kazi yako. Ukiniletea manukuu matupu, safari ya tatu nitakurudishia mimi.