Mtu karuka ukuta usiku, nitoke na bunduki?

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kumpiga risasi mtu anayeruka ukuta wako usiku, maadamu bunduki unaimiliki kihalali. Leseni inakuruhusu kuwa na silaha, haikupi ruhusa ya kuua. Kuingia kiwanjani peke yake si tishio kwa uhai; huenda ni mlevi aliyepotea, au kijana wa jirani anayekatiza njia.

Sheria za nchi nyingi huangalia mawili: je, uhai ulikuwa hatarini wakati ule ule, na nguvu uliyotumia ililingana na hatari hiyo? Mwizi akishageuka kukimbia, hesabu inabadilika papo hapo. Kule Uingereza mkulima Tony Martin aliwafyatulia risasi wezi wawili nyumbani kwake mwaka 1999, mmoja akafa, kijana wa miaka 16. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji. Rufaa ya 2001 ilipunguza kosa likawa kuua bila kukusudia, lakini jela alikaa.

Ukisikia kishindo, usitoke. Kusanya familia chumba kimoja, funga mlango, wapigie polisi, kisha paza sauti kwamba wameitwa. Bunduki ni ya yule atakayevunja mlango huo akujie. Na gizani, utajuaje si mwanao aliyechelewa kurudi?

Muulize wakili sheria ya huko kwenu, maana zinatofautiana sana. Mimi ningeanza na taa za nje na mbwa mkali.