Thairoidi ilishuka nikiwa mjamzito, je matiti yameharibika moja kwa moja?

SWALI: Dokta, mimba ya kwanza niligundulika homoni ya thairoidi iko chini, tayari nina miezi saba. Nilijifungua salama ila maziwa yalikuwa matone tu. Nataka mtoto wa pili, je titi limeshakufa?

JIBU: Pole sana dada yangu. Hapana, halijafa. Kila mimba vile vifuko vya kutengeneza maziwa vinachipua upya, mtoto akiacha ziwa vinasinyaa mpaka mimba nyingine. Sasa homoni ya thairoidi ikiwa chini hiyo kazi inaweza kwenda kwa kusuasua na maziwa yenyewe yakagoma kushuka. Watafiti wa Mendoza kule Argentina waliishusha kwa panya, wakaona oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke, inatoka kidogo watoto wakinyonya na titi linaanza kusinyaa kabla ya wakati wake. Ila wale panya walishushiwa makusudi, wewe dawa unayo.

Na hapo kwenye dawa ndo naomba unisikilize. Kuna mama TSH yake (kipimo cha damu kinachopanda thairoidi ikiwa chini) ilikataa kushuka kila tukiongeza dozi, nikamwambia hebu nionyeshe unavyomeza, akatoa kikaratasi kwenye pochi, levothairoksini, yaani dawa ya thairoidi, na FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, vimefungwa pamoja, anameza vyote asubuhi na chai ya maziwa! Madini ya chuma na kalsiamu vinaikamata hiyo dawa tumboni, haiingii kwenye damu inavyotakiwa. Meza na maji matupu, tumbo likiwa tupu, chai baada ya nusu saa mpaka saa moja, FEFO ikae mbali masaa manne au zaidi.

Kabla hujabeba mimba pima TSH, tunataka iwe chini ya 2.5. Ukiona tu mimba imeingia muone daktari wiki hiyo hiyo, usingoje kufungua kadi, maana dozi mara nyingi inabidi ipande na mtoto miezi mitatu ya mwanzo anategemea homoni yako wewe kujenga ubongo wake. Halafu unapima kila wiki nne mpaka mimba ifike nusu.

Ukijifungua dozi inarudishwa chini, unapima tena wiki ya sita, na wengi ndo wanapotelea hapo. Kunyonyesha huku unameza ni salama kabisa. Mweke titini ndani ya saa ya kwanza, anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, na ukiona ni matone tena njoo haraka tumpime mtoto uzito na wewe TSH siku hiyo hiyo.