Kuulizwa unakula nini: kisa cha Wagurkha

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni haki mwajiri kumuuliza mwombaji kazi anakula nini na hali nini kwa sababu ya dini yake. Swali limenigusa. Nilitaka kujibu sio haki kabisa, nimalize, ila nimemkumbuka mzee mmoja Mnepali niliyefanya naye ulinzi Doha, Gurkha mstaafu, wale askari wa Nepal wanaoandikishwa na Waingereza tangu zamani.

Watu wa Tanga mnajua Wagurkha walifika mpaka kwetu, Novemba 1914, vita ile ya nyuki, Waingereza walipowavamia Wajerumani, walikuwa na jeshi la Kashmir kutoka India. Wengi wanadhani Waingereza waliwachagua kwa ushujaa tu. Ushujaa waliuona kweli, walipigana nao 1814 mpaka 1816, lakini mwaka 1833 Brian Hodgson, mtu wao pale Kathmandu, alichapisha hoja kwamba waandikishwe kwa wingi zaidi, na moja ya sababu zake ilikuwa ya jikoni: askari wa Kihindu wa tabaka la juu kwenye jeshi la Bengal, jeshi la Waingereza kule India, lazima aoge mwili mzima, afanye sala ndio apike, ale karibu uchi hata kwenye baridi kali, na hawezi kuwa tayari kwa safari kabla ya masaa matatu. Mgurkha ananawa uso na mikono, anavua kilemba, nusu saa kashamaliza kula. Halafu 1857 askari wengi wa jeshi hilo la Bengal wakakataa risasi za bunduki mpya za Enfield, unazing'ata kwa meno na wao waliamini zina mafuta ya ng'ombe na nguruwe, Wagurkha wa kikosi cha Sirmoor waliokuwa mafunzoni Ambala wakaomba wapewe hizohizo. Baada ya hapo wakazidi kutafutwa, hasa Wamagar na Wagurung, makabila mawili ya Nepal.

Sasa huyu mzee wangu. Jioni moja pale kambini gesi ilikuwa ndogo, jiko moja tu linawaka, na mi nimebandika nyama ya ng'ombe. Kaja na dengu zake, kasubiri, hajasema kitu. Nilipoipua akalifuta lile jiko lote kwa kitambaa chake, akanawa mikono mpaka viwikoni, ndio akabandika. Nguruwe anakula, pombe anakunywa, ila ng'ombe hajawahi kuonja, miaka yote ya jeshi. Tukiwa tunangoja dengu ziive akanisimulia babu yake alivyorudi kutoka vitani Italia: amevuka bahari, na kwao hilo ni unajisi, kwa hiyo kabla ya kula wali na ndugu zake ilibidi afanyiwe panipatiya, tambiko la kutakaswa. Aliongea taratibu, anakoroga, anaonja chumvi, na mi njaa inaniuma lakini sikutaka anyamaze.

Kwa hiyo sio kweli kwamba hawa walikuwa watu wasio na miiko. Walikuwa wepesi kwenye namna ya kupika, basi, na jeshi lililowachukua kwa wepesi huo likajikuta linalazimika kuheshimu miiko iliyobaki, maana watawala wa Nepal waliishikilia.

Ndio maana naona mwajiri aulize tu. Asipouliza atakulisha usichokula bila kujua. Ila aulize akishakupa kazi, sio kama Hodgson, kwake yule askari wa masaa matatu alishapoteza nafasi kabla hajashika bunduki. Labda kwenye meli au kambi ya jangwani, jiko likiwa moja kweli, aulize mapema, lakini hapo awe na jibu atanilisha nini mimi nisiyekula cha wengine.