Maswali yenu kuhusu Luxor: pa kuanzia na pa kukawia

Wengi mmeuliza kuhusu Luxor, mji wa kusini mwa Misri uliokalia sehemu ya Thebes ya kale. Nayajibu hapa maswali yanayojirudia.

Nina siku moja tu. Nianze wapi?

Vuka Mto Nile alfajiri uende upande wa magharibi, walikozikwa mafarao. Bonde la Wafalme hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na ukiwahi kabla ya mabasi ya watalii utapata nafasi ya kutazama bila kusukumwa. Makaburi yaliyogunduliwa humo yanazidi 60, ila tiketi ya kawaida inakuingiza matatu tu. Usione umepunjwa. Matatu yanatosha kabisa kwa mtu anayetazama kwa utulivu. Anayekimbilia mengi hutoka na vumbi na picha za simu. Makaburi hufungwa kwa zamu, lakini ukikuta la Ramses wa Tatu liko wazi, ingia, uchungulie vijumba vya pembeni karibu na mlango: kimojawapo kina wapiga vinubi wawili waliochorwa ukutani.

Kaburi la Tutankhamun lina thamani ya tiketi yake ya ziada?

Kwa historia yake, ndiyo. Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza, aliligundua Novemba 1922, na mwili wa mfalme huyo kijana bado umo. Lakini kaburi lenyewe ni dogo, na hazina zake zilishaondolewa. Kinyago cha dhahabu usikitafute Luxor. Kama mfuko unaruhusu tiketi moja tu ya ziada, mimi ningechagua kaburi la Ramses wa Tano na wa Sita. Darini amechorwa Nut, mungu wa kike wa anga, amejinyoosha chumba kizima, akilimeza jua jioni na kulizaa asubuhi.

Mimi ni mtu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kuna chochote huko kitakachonigusa?

Kipo, na nasikitika kuona wageni wengi wanakipita. Nenda Deir el-Bahari, kwenye hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama farao karibu miaka 3,500 iliyopita. Panda hadi baraza ya kati, ushike mkono wa kushoto. Ukutani imechongwa safari ya merikebu zake kwenda nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi wanaiweka kusini mwa Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika.

Zitazame nyumba za Punt: zimesimama juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi, katikati ya miti. Kisha tazama shehena. Wanaume wanabeba miti ya manemane ikiwa hai, mizizi imo vikapuni, ikapandwe Misri. Chini ya merikebu maji yamejaa viumbe vya baharini, wakiwemo kambakoche na ngisi, na aliyekulia pwani atawatambua bila kuambiwa. Rangi nyingi zimefifia na baadhi ya mawe yameondolewa, kwa hiyo sogea karibu na ujipe muda. Kwangu mimi, hapa ndipo pa kukawia kuliko popote Luxor.

Karnak au hekalu la Luxor?

Yote mawili, kwa saa tofauti. Hekalu la Karnak nenda asubuhi. Ukumbi wake mkuu una nguzo 134, na zile 12 za katikati zina urefu wa mita 21 hivi. Hekalu la Luxor liache hadi jioni taa zinapowashwa. Mlangoni umesimama mnara mmoja wa jiwe. Mwenzake umesimama Paris tangu 1836. Ndani utauona msikiti wa Abu Haggag, ambao bado unasaliwa. Mlango wake wa zamani unaning'inia juu kabisa ya sakafu ya hekalu, kwa sababu ulipojengwa hekalu lilikuwa limefukiwa na kifusi, na ardhi ilikuwa huko juu. Njia ya kale yenye sanamu za sphinx (mwili wa simba, kichwa cha mtu au kondoo), karibu kilomita 3, inayaunganisha mahekalu hayo mawili. Ilifunguliwa upya Novemba 2021.

Ninaenda na wazazi wazee. Niende mwezi gani?

Kati ya Novemba na Februari. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na bondeni kivuli ni haba. Makaburi mengi yana ngazi na miteremko, kwa hiyo wazee wapeleke Makumbusho ya Luxor, kando ya mto. Ni madogo, yamepangwa vizuri, na yana kiyoyozi.