Tulikuwa thelathini, tumebaki sita

SWALI: Assalamu alaykum Bibi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kupanda mikoko huku Micheweni, Pemba. Tulianza watu thelathini, wengi kinamama. Sasa tunakwenda sita. Tunapanda siku za bamvua, zile maji yanapojaa sana na kutoka mbali, asubuhi, maji yakishatoka. Hakuna anayelipwa, na hilo walilijua tangu mwanzo. Mwenyekiti, ambaye ni ami yangu, anasema watu wamezoea posho. Kidogo huwa anapaza sauti. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalam, mwanangu. Nilipofika kwenye neno bamvua niliiweka barua chini nikacheka. Saa nne asubuhi, maji yametoka: hiyo si ndiyo saa ya mwani? Mkulima wa mwani hana saa nyengine, maana maji mafu, siku zile maji yanapojaa na kutoka kidogo tu, hayaendi mbali hata akazifikia kamba zake. Wewe unamwita ajitolee saa ile ile anayotafuta pesa ya unga! Mikoko iko juu, karibu na nchi kavu. Hata maji mafu mnaifikia, tena hukupwa alasiri, jua limepoa. Hamishieni kazi huko.

Na miguu yao je? Kwenye mizizi ya mkoko kuna chaza, na gamba lake ni wembe. Kabla ya kushona fulana za kupigia picha, nunueni viatu vya plastiki vinavyofunga (makubazi tope litayavua), dumu la maji ya kunywa, sabuni na bendeji.

Mimi nilipostaafu ukunga nilijitolea kupima watoto uzito katika mradi mmoja, nisiutaje. Miezi minane, sikupewa senti wala sikuidai. Siku moja kazi ikachelewa, gari ikachukua wageni, sisi wanne tukaachwa njiani na mizani yetu mpaka baada ya Isha. Kesho yake hakuna aliyeuliza tulifikaje nyumbani. Sikurudi tena, na nina hakika huko nako walisema bibi yule alitaka posho.

Sasa ami yako. Usimkosoe mbele ya watu. Mfuate usiku barazani kwake, peke yako, umwombe kazi ya kuwaita kinamama aachiwe mmoja wao, wamchague wenyewe. Akikataa, mtume shangazi yako, yule mkubwa kwake. Sijaona bado mwanamme wa Kipemba anayempandishia sauti dada yake mkubwa.

Mfadhili akileta nauli, isomwe mbele ya wote siku hiyo hiyo, shilingi kwa shilingi.

Wale ishirini na nne msiwaitie mkutano, watakuja kukaa kimya tu. Piteni majumbani kwao, muwajulie hali. Na bamvua ijayo nyinyi sita teremkeni pwani mkawasaidie kufunga mwani. Dumu la maji mchukue.