Inatisha au inachekesha?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi na braza tumebishana wiki nzima, yeye anasema Evil Dead II ni komedi ya kijinga tu, mi nasema ni muvi ya kutisha kabisa, nani yuko sahihi?

JIBU: Poa mdogo wangu. Braza kashika nusu. Ile ya kwanza ya 1981, The Evil Dead, mwongozaji Sam Raimi alitaka utetemeke, ila hii ya 1987 kachanganya makusudi, we cheki pale jikoni mkono wa Ash, jamaa mkuu wa muvi, umeingiwa na pepo unambamiza masahani kichwani mpaka anaukata kwa chenso, halafu anaufunika na ndoo na kurundika vitabu juu usitoroke, yani unacheka huku umejikunja kwenye kochi! Bruce Campbell, anayemcheza Ash, anapigana na mkono wake mwenyewe na unaamini kabisa. Mi naipenda kuliko ya kwanza. Irudieni usiku, taa mzime.